Simu mpya ya Android kula betri na kuchemka wiki ya kwanza: chanzo hasa ni nini?

#1 Kebo_Ndefu

Wakuu salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuja humu na kilio kilekile: simu mpya, betri ya mAh 5000, imewashwa jana, leo inachemka mfukoni na kufika alasiri iko asilimia 20. Wachangiaji wa mwanzo watamwambia kapigwa, hiyo feki. Wanaofuata watamwambia airudishe dukani.

Dai langu: nyingi kati ya simu hizo hazina ugonjwa wowote. Ukishaingiza akaunti ya Google na kukubali kurudisha bakapu, simu inapewa kazi ya mwezi mzima iifanye kwa siku mbili. Play Store inashusha programu zote za simu ya zamani. Google Photos inapitia picha zako na kuanza kuzipandisha. Galeri ya simu nayo inazipitia tena kutafuta sura za watu. WhatsApp inarudisha meseji kwanza, kisha picha na video zinaendelea kushuka chinichini wakati wewe umeshaanza kuchati. Juu ya hayo yote mfumo unaoitwa ART unazigeuza programu ziwe msimbo wa prosesa ya simu hiyo.

Utaratibu ninaoutetea ni huu. Piga *#06#, linganisha IMEI na ya kwenye boksi, na kwa walioko Tanzania itume kwa meseji kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi. Washa kwa Wi-Fi, ruka hatua ya akaunti, nenda moja kwa moja kwenye sasisho la mfumo, limalize, zima na washa. Hapo ndipo uweke akaunti. Mfumo ukibadilika, programu zote zinatayarishwa upya. Ukishusha programu 60 leo na sasisho kesho, umeilipisha simu kazi ileile mara mbili. Usiku wa kwanza iache kwenye chaja na Wi-Fi, kioo kimezimwa.

Mwenye maelezo tofauti ayamwage.

#2 nimekaa_pale

Ngoja waje wajuvi.

#3 Kipanga_254

Boss, nusu naikubali. Lakini hujagusa kipimo chenyewe. Ile asilimia unayoona haisomwi kama mafuta kwenye tangi, ni hesabu. Kuna chipu inayojumlisha mkondo unaoingia na unaotoka, inalinganisha na volti ya betri ikiwa imetulia, halafu inakisia. Kutoka kiwandani inabeba makadirio ya aina ile ya betri, siyo ya seli yako wewe. Mpaka ipate mizunguko michache ya kushuka na kupanda hadi 100, asilimia zitakuwa na vituko: 100 inakaa saa nzima, halafu kutoka 40 hadi 25 inaporomoka. Chaji ipo, namba ndiyo inayodanganya.

#4 Shangazi_Data

Namba ikidanganya haichemshi simu, #3. Mtoa uzi kasema inachemka. Joto ni umeme unaotumika kweli. Maelezo yako yanamfaa yule ambaye asilimia zinaruka huku simu ni ya baridi.

#5 Kipanga_254

Basi tuna magonjwa mawili yanaitwa jina moja. Sawa tu, lakini humu yanajibiwa kama moja.

#6 mzee_wa_tochi

Vijana mnazunguka sana. Simu mpya inachajiwa saa 8 ikiwa imezimwa kabla ya kutumika. Ndivyo tulivyofanya na simu zetu zote na zilidumu.

#7 bunju_b

Mzee, sharti hilo lilitoka kwenye betri za nikeli. Lithiamu inachajiwa kwa mkondo mkubwa mpaka ifikie volti ya juu, kama 4.4 kwa seli nyingi za sasa, kisha mkondo unapungua taratibu mpaka simu yenyewe inakata. Kuanzia hapo mpaka saa ya 8 hakuna kinachoingia cha maana. Kinachobaki ni seli kukaa imejaa na ina joto, hali ambayo ndiyo inayoizeesha.

#8 mzee_wa_tochi

Zilidumu lakini.

#9 Mnara_Mmoja

Wote mnaangalia programu, hakuna aliyetaja mtandao. Mtu alikuwa na simu ya 4G, kanunua ya 5G, anakaa mahali ambapo 5G inafika kwa kuchungulia. Mitandao mingi ilianza 5G kwa mfumo wa NSA: simu inashika 4G kama nanga na 5G juu yake, redio mbili kwa wakati mmoja. Ishara ya 5G ikidhoofika inaachia, inatafuta, inashika tena, mchana kutwa. Na mnara ukiwa mbali simu inapandisha nguvu ya kurusha, joto linapanda hata kama hujaigusa.

Pima. Fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini, usome dBm, kipimo cha nguvu ya ishara. Kama iko -80 hadi -95 huna tatizo. Ikiwa -110 au chini zaidi, mla betri umempata, na kufuta programu hakutasaidia. Iweke 4G siku mbili, linganisha.

#10 chogo_la_kusini

Piga *#*#4636#*#* ingia kwenye taarifa za simu, chagua LTE (yaani 4G) pekee. Kwisha habari.

#11 Mnara_Mmoja

#10 usimpe mtu ushauri huo bila onyo. LTE pekee maana yake simu haina ruhusa ya kushuka 3G wala 2G. Kama VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) haijawashwa kwa laini yako, anayekupigia ataambiwa hupatikani na wewe huna habari. USSD nazo zinaweza kugoma, unapiga *150*00# unarudishiwa msimbo batili. Chagua ile yenye LTE, 3G na 2G pamoja, yaani kila kitu kasoro 5G. Na kwenye Samsung usihangaike na hiyo namba. Nenda Miunganisho, Mitandao ya simu, Hali ya mtandao.

#12 mama_Kebo_C

Swali la pembeni: nikiruka akaunti kama mtoa uzi anavyosema, ile hatua ya kurudisha bakapu nitaipata wapi baadaye?

#13 Shangazi_Data

Swali zuri, na hapo ndipo utaratibu wa #1 una tundu. Simu nyingi za Android hutoa kurudisha bakapu ya Google pale tu unapoiwasha mara ya kwanza. Ukiiruka, umefika kwenye skrini ya mwanzo hujabeba kitu. Samsung wana Smart Switch inayofanya kazi wakati wowote, wengine wengi hawana kitu cha aina hiyo cha kuaminika.

Dawa ni ndogo: maliza sasisho la mfumo bila akaunti, kisha futa simu irudi hali ya kiwandani na uanze upya. Sasisho halipotei, kwa sababu linakaa kwenye sehemu ya mfumo na kinachofutwa ni sehemu ya data. Inakuchukua dakika 10 na unaingia kwenye hatua ya bakapu ukiwa na toleo jipya.

WhatsApp isichanganywe na hiyo. Ina bakapu yake, na tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, kwa hiyo wengi bakapu yao imekwama miezi bila wao kujua. Kama simu zote mbili ziko mkononi, tumia Mipangilio, Gumzo, Hamisha magumzo. Unaskani QR na zinarushiana moja kwa moja bila kugusa Drive wala bando. Laini itumike ileile. Kama umewasha usimbaji wa bakapu na umesahau nenosiri au ule ufunguo wa tarakimu 64, hakuna fundi wa kukufungulia.

#14 Kebo_Ndefu

Hilo la kufuta na kuanza upya naliongeza kwenye utaratibu. Asante Shangazi.

#15 romu_na_chai

Mtoa uzi, hapo kwenye ART umetia chumvi. Enzi za Android 5 mwaka 2014 ilikuwa kweli: programu ikisakinishwa, inageuzwa yote palepale. Android 7 ya 2016 ikabadili utaratibu, simu ikawa inaangalia sehemu za programu unazozitumia ndipo inazigeuza hizo tu, tena ikiwa imetulia na iko kwenye chaja. Halafu tangu 2019 Play Store inaleta programu pamoja na wasifu uliokusanywa kutoka kwa watumiaji wengine, ili sehemu muhimu zigeuzwe wakati wa kusakinisha. Kazi ya siku ya pili na ya tatu siyo kubwa kama unavyoichora, na haifanyiki ukiwa unatembea na simu mfukoni.

Mwenye kompyuta yenye adb, zana ya kuipa simu amri kwa kebo, athibitishe:

`adb shell dumpsys package dexopt`

Kila programu itaonyesha hali yake. Ukikuta speed-profile, imeshatayarishwa. Ukikuta verify, bado. Unaweza kuilazimisha imalize yote kwa mkupuo:

`adb shell cmd package bg-dexopt-job`

Iache kwenye chaja ikifanya hivyo. Itachemka, na hapo ina haki.

#16 Kebo_Ndefu

Programu za Play, sawa. Vipi zile zilizokuja na simu, ambazo baada ya sasisho la mfumo zinahesabiwa upya? Na zilizowekwa kwa faili la APK, nje ya Play Store, hazina wasifu wa wingu. Sijashawishika kwamba ni kazi ndogo.

#17 romu_na_chai

Ndiyo maana nimekupa amri. Endesha, tazama saa, njoo na namba.

#18 Kipanga_254

Kabla ya namba, muwafunze watu kupima. Watu wanafungua ukurasa wa betri wanaona "Skrini asilimia 38" wanafunga. Pima ikiwa imelala:

Chaji mpaka 100, chomoa kutoka chaja ya ukutani, unganisha kompyuta, uandike

`adb shell dumpsys batterystats --reset`

Chomoa kebo, lala. Asubuhi kabla ya kuigusa:

`adb shell dumpsys batterystats > betri.txt`

Tafuta mstari wa Estimated power use. Utaona majina kama u0a217. Kumjua mwenye namba hiyo:

`adb shell pm list packages -U`

u0a217 ndiyo uid 10217. Simu ya mAh 5000 ikipoteza asilimia 1 kwa saa ikiwa imelala, hiyo ni mAh 50, haina shida. Usiku wa saa 8 ukikula asilimia 4 hadi 8, lala salama. Ukikula 20, kuna kitu hakilali, na faili hilo litakitaja.

#19 nimekaa_pale

Haya sasa ndiyo madini.

#20 Lulu_ya_Forodhani

Na mbona hamtaji kwamba simu bado haimjui mwenyewe? Tangu Android 9 ya 2018 kuna betri inayojirekebisha: programu zinapangwa kwenye madaraja kulingana na unavyozitumia. Ile unayoifungua kila siku inaruhusiwa kufanya kazi chinichini mara nyingi, usiyoigusa inabanwa. Simu mpya haina historia, kwa hiyo programu nyingi zinaanza zikiwa huru. Wiki inavyokwenda, zile ambazo hujazigusa zinashushwa. Tazama daraja la programu:

`adb shell am get-standby-bucket com.jina.la.programu`

10 ni hai, 20 inatumika mara kwa mara, 30 mara kadhaa, 40 ni nadra, 45 imebanwa kabisa. Rudia amri hiyo kwa programu ileile siku ya 1 na siku ya 8 utaona namba inapanda. Mimi nasema hii ndiyo sababu kubwa ya betri "kujiponya" baada ya wiki, kuliko ART na kuliko kipimo.

#21 chogo_la_kusini

Hapana. Sababu kubwa ni mwenye simu. Simu mpya haikai mezani. Kioo kinawaka saa 9, mwanga wa juu, Hz 120 (kioo kujichora mara 120 kwa sekunde), kamera, gemu, kubadilisha mandhari kila dakika. Wiki ikipita kashaizoea, anaiweka chini, anakuja kusema betri imepona.

#22 mama_Kebo_C

😂😂 #21 umetusema wote.

#23 bunju_b

Kuna ukweli hapo, hasa kwenye mwanga. Wapo wanaowasha mandhari meusi wakidhani wamemaliza kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa 2021 kwa simu za kioo cha OLED (kila nukta huwaka yenyewe) ulionyesha kwamba kwa mwanga wa asilimia 30 hadi 50 mandhari meusi huokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa mwanga wa asilimia 100 ndipo huokoa 39 hadi 47. Kwa hiyo yanamlipa anayetumia simu juani, wa chumbani hapati kitu kikubwa. Na kama kioo ni IPS, taa ya nyuma inawaka vilevile uweke nyeusi au nyeupe.

Hz 120 kwenye simu za bei ya kati mara nyingi haishuki vizuri ikiwa picha imetulia. Iweke 60 siku moja, pima kwa njia ya #18.

#24 Muttrah_Kusi

Kutoka Muscat: ongezeni joto la nje. Ukichaji kwenye gari mwezi Juni, simu ikiwa kwenye kishikizi cha kioo cha mbele na ramani imewashwa, betri inakaribia nyuzi 45 na simu inapunguza mkondo wa chaji yenyewe. Mwenye simu anaona saa nzima imepanda asilimia 5 anasema chaja mbovu. Kava nene la plastiki linaongeza. Toa kava, ipeleke kwenye tundu la AC, utaona tofauti dakika hizohizo.

Kuhusu chaja: Samsung ya wati 25 inahitaji chaja yenye PPS (inayorekebisha volti kidogokidogo), siyo PD tupu (chaji ya haraka ya kawaida ya USB-C). Ya wati 45 inahitaji na kebo ya ampea 5. Kebo ya ampea 3 itakuachia kwenye 25. Xiaomi wana mfumo wao, chaja ya kampuni nyingine itachaji kwa wati chache kuliko zilizoandikwa kwenye boksi hata kama chaja yenyewe ni kubwa.

#25 Jamvi_Zito

Mimi naona mnazungumza kana kwamba kila mtu ana simu tupu. Simu za bei ya chini na kati zinakuja na mizigo. Xiaomi wana MSA ya matangazo, GetApps, na ile karuseli ya picha za kioo cha kufunga. Tecno na Infinix wana Palm Store, Phoenix, magazeti ya kioo cha kufunga, na Phone Master inayosafisha visivyohitaji kusafishwa. Samsung inakuja na vipande vitatu vya Facebook hata kama hujawahi kuwa na akaunti. Vyote hivyo vinaamka, vinapiga intaneti, vinalala, vinaamka. Ondoa hivyo kwanza ndipo mje na nadharia.

Njia: Mipangilio, Kuhusu simu, gonga Nambari ya muundo mara 7. Kwa Xiaomi gonga toleo la mfumo. Washa Utatuzi wa USB, chomeka kwenye kompyuta, kubali kwenye kioo cha simu. Kisha kwa kila kifurushi (jina la programu ndani ya mfumo):

`adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager`

Zipo com.facebook.services na com.facebook.system pia. Xiaomi: com.miui.msa.global, com.miui.analytics, com.xiaomi.mipicks, com.miui.android.fashiongallery. Huna kompyuta? Android 11 na kuendelea washa utatuzi usiotumia waya, weka Shizuku, halafu Canta. Ukiizima simu, Shizuku inabidi uiwashe tena.

Hii haihitaji ruti (ruhusa ya juu kabisa ya mfumo) na haifuti faili kwenye mfumo, inaiondoa kwa mtumiaji wako tu. Ukijuta:

`adb shell cmd package install-existing jina.la.kifurushi`

#26 Kipanga_254

Onyo kwa Wakenya wenzangu: kwenye hizo orodha za kukopi mtandaoni huwa kuna com.android.stk. Ukiiondoa, menyu ya M-Pesa ya kwenye laini inatoweka. Watu wamebadilisha laini bure kwa sababu ya hiyo. Irudishe kwa install-existing. Ukiwa hapo *334# bado itakubali.

#27 romu_na_chai

Na Xiaomi msiguse com.xiaomi.finddevice wala com.miui.securitycenter. Kwenye matoleo mengi simu ikizimwa inawaka mpaka kwenye nembo, inazima, inawaka tena, haifiki kwenye skrini ya mwanzo. Kwa kuwa utatuzi wa USB haupatikani simu ikiwa katika hali hiyo, kinachobaki ni kufuta data yote. Tumieni Universal Android Debloater Next Generation, inapanga vifurushi kwa hatari yake. Bakini kwenye daraja la Recommended. La Unsafe liacheni na wenye simu ya pili.

Halafu #25, dai lako kwamba mizigo ndiyo mla betri mkuu halina kipimo. Nyingi ya hizo zinakula bando kuliko betri.

#28 Jamvi_Zito

Bando nalo ni hela mkuu.

#29 Shangazi_Data

Kwenye bando nakazia. Kabla ya kuweka akaunti, ingia Play Store ukiweza, au mara tu ukishaiweka, nenda Mipangilio, Mapendeleo ya mtandao: kushusha na kusasisha kwa Wi-Fi tu. Google Photos nayo uizuie kupandisha kwa data ya simu. Programu 60 za kawaida pamoja na sasisho moja la mfumo hupita GB 5 bila jasho. Wanaotumia hotspoti ya simu nyingine wajue kwamba simu mpya inaweza kuiona kama Wi-Fi ya kawaida na kufakamia. Nenda kwenye mtandao huo, Matumizi ya mtandao, chagua unaopimwa.

#30 Lulu_ya_Forodhani

Ongeza DNS ya faragha, yaani mtafsiri wa majina ya tovuti unayemchagua mwenyewe. Mipangilio, Mtandao, DNS ya faragha, weka jina dns.adguard-dns.com. Matangazo mengi ya ndani ya programu yanakauka, ipo tangu Android 9 na haihitaji programu yoyote ya kukaa chinichini. Kasoro yake: Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege inayotaka uingie kwenye ukurasa wake inaweza isifunguke. Izime, ingia, iwashe.

#31 chogo_la_kusini

Mnaosema RAM hamjafika bado? Simu ina RAM GB 4 imeandikwa 8 kwenye boksi. Ile GB 4 ya kuazima inaandika kwenye hifadhi, inasoma, inaandika. Hiyo si kazi? Zima.

#32 bunju_b

Kuzima ni sawa kama hifadhi ni eMMC, maana ni ya polepole na simu inakwama wakati wa kubadilisha programu. Kwa UFS, hifadhi ya kasi, tofauti ni ndogo. Kwenye Samsung ipo Utunzaji wa kifaa, Kumbukumbu, RAM Plus, izime kisha uwashe simu upya. Kama menyu haina pa kuzima:

`adb shell settings put global ram_expand_size 0`

Lakini kusema inachemsha simu, hapana. Hata ukizima, Android inaendelea kubana kurasa ndani ya RAM yenyewe kwa zRAM.

#33 mzee_wa_tochi

Nimesoma zote. Bado hakuna aliyejaribu saa 8.

#34 Mnara_Mmoja

Mzee 😂

Turudi. Mpaka sasa tuna bakapu, kipimo cha betri, 5G, madaraja ya programu, mwenye simu, mizigo na RAM. Mbona hakuna aliyeleta faili la #18?

#35 Kebo_Ndefu

Kuna mdau kanitumia la kwake pembeni, usiku wa pili baada ya kurudisha bakapu. Huduma za Google Play na Google Photos ndizo za kwanza na za pili. Redio ya simu ya tatu, mbali kidogo.

#36 Mnara_Mmoja

Wi-Fi ilikuwa imewashwa?

#37 Kebo_Ndefu

Ndiyo.

#38 Mnara_Mmoja

Sasa redio utaionaje? Data yote ilipita Wi-Fi. Arudie kwa data ya laini, nje ya mji.

#39 Lulu_ya_Forodhani

Na arudie siku ya 9, bila bakapu kuendelea. Usiku mmoja hautenganishi nadharia yako na yangu.

#40 mama_Kebo_C

Wakati mnasubiri faili: lancha (programu ya skrini ya mwanzo) gani sasa? Nova nasikia mwenyewe kaondoka.

#41 romu_na_chai

Branch waliinunua 2022, wafanyakazi wengi wakapunguzwa 2024, na mwanzilishi akaondoka 2025. Anayeitumia bado inafanya kazi, lakini kwa simu mpya nisingeanzia hapo. Lawnchair kama unataka sura ya Pixel, Niagara kama unataka orodha tu kwa mkono mmoja. Kwa Samsung kaa na lancha yake, weka Good Lock na moduli ya Home Up. Kwenye Xiaomi jihadhari: matoleo mengi yanakataa ishara za kutelezesha kidole ukitumia lancha ya nje, unarudishiwa vitufe vitatu chini.

#42 Jamvi_Zito

Kwa Xiaomi si bora afungue butiloda (programu inayowasha mfumo wa simu) tu aweke romu safi, yaani mfumo mwingine usio na mizigo?

#43 romu_na_chai

Kwa HyperOS, mfumo wa Xiaomi, unaomba kupitia programu ya Xiaomi Community, akaunti iwe na siku 30, na nafasi za siku ni chache. Zinafunguliwa saa sita usiku ya Beijing, ambayo kwetu ni saa moja kamili jioni. Zinaisha mara moja. Ukipata, unasubiri tena saa 72 kabla ya kufungua, na kufungua kunafuta data yote. Baada ya hapo programu za benki zinaweza kukukataa kwa sababu Play Integrity (ukaguzi wa usalama wa Google) inaona butiloda iko wazi. Samsung usiwaze: ukifungua na kuweka romu isiyo yao, fyuzi ya Knox (mfumo wao wa usalama) inakatika, Secure Folder haitarudi hata ukirejesha romu ya kiwanda, na kuanzia One UI 8 chaguo lenyewe limeondolewa.

#44 nimekaa_pale

Hapo kwenye butiloda. Simu imenunuliwa dukani mpya, inapowaka inaonyesha kufuli lililo wazi juu ya nembo. Hiyo ni nini?

#45 romu_na_chai

Hiyo ni simu ya soko la China iliyowekwa romu ya kimataifa kabla ya kuuzwa. Ingia Chaguo za wasanidi programu, hali ya kufungua Mi, utasoma. Usiifunge. Ukifunga butiloda ikiwa na romu ya kimataifa juu ya kifaa cha China, simu itagoma kuwaka na kukwambia toleo hilo haliwezi kusakinishwa kwenye kifaa hiki. Usikubali sasisho lolote kabla hujajua romu iliyomo ni ya kiwanda au imechezewa.

#46 Kipanga_254

Na hiyo ikichemka wiki ya kwanza, usije na bakapu wala madaraja. Angalia programu za mfumo ambazo huzijui kwenye `pm list packages -s` kwanza. Tupia orodha hapa tuisome.

#47 nimekaa_pale

Inakuja. Ni ndefu.